Mimi ni mama wa mgonjwa, na sasa ni mama wa daktari

Mwishoni mwa mwaka 2024, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, binti yangu alikuja likizo nyumbani Newala. Usiku wa pili, baada ya chakula, alitoa bahasha kwenye mkoba wake akaiweka mbele yangu.

“Mama, naomba uisome hii kabla sijasaini.”

Nilidhani ni mkopo. Siku hizi kijana akipata ajira tu, watu wa mikopo humfuata kama nyuki. Kumbe ilikuwa fomu ya bima. Haikuwa bima ya afya tunayoijua sote, wala ya gari. Ilikuwa bima yake yeye kama daktari. Kwamba akikosea kazini, mgonjwa akaumia na kudai fidia, kampuni ya bima itabeba gharama za kesi na kulipa fidia hiyo mpaka kiwango kilichoandikwa.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikamtazama mdogo wake wa kiume aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akitengeneza simu ya mteja, mguu wa kulia ameunyoosha pembeni kama alivyozoea. Nikaisukuma ile bahasha irudi kwa mwenyewe.

“Kwa hiyo,” nikamwambia, “wewe ukimfanyia mtoto wa mwenzio kama alivyofanyiwa huyu, utakuwa na mawakili wa kukutetea?”

Hakunijibu. Alichukua bahasha yake, akaenda kulala.

Karatasi iliyochanwa

Ili unielewe, mzazi mwenzangu, inabidi nikurudishe nyuma miaka ishirini.

Ilikuwa Aprili 2004, mvua zikielekea ukingoni, kipindi ambacho malaria huku kwetu haimwachi mtu. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Homa ilimpanda usiku, kulipokucha akaanza kutapika kila alichokunywa. Baba yake alikuwa amelala shambani akiwinga nguruwe, nikambeba mgongoni mpaka zahanati moja ya binafsi iliyokuwa karibu. Dada yake, wakati huo ana miaka minane, alinifuata nyuma amebeba chupa ya maji na daftari la kuandikia matibabu.

Tulipokelewa na mtu mmoja aliyevaa koti jeupe. Sote tulimwita dokta, na hakuna aliyewahi kumuuliza alisomea nini. Alimpima mtoto kwa macho na kiganja, akachoma sindano ya kwinini kwenye kitako cha kulia. Mtoto alilia kilio ambacho sijakisahau mpaka leo, akaurusha mguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

“Kawaida hiyo, mama. Kwinini inauma,” akaniambia.

Siku ya tatu homa ilikuwa imekwisha. Lakini mtoto aliposimama, unyayo wa kulia haukuinuka. Ulikuwa unaburuta, vidole vikitangulia kugusa chini. Nikarudi naye zahanati. Yule bwana aliutazama mguu kwa muda mrefu, akasema ni baridi imeingia, tumkande kwa maji ya moto. Kisha akaliomba lile daftari, eti akaandike vizuri. Aliingia nalo chumba cha ndani. Liliporudi, karatasi moja ilikuwa imechanwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila siku ninasahihisha madaftari na ninajua karatasi iliyochomolewa inavyoacha meno kwenye uzi. Niliyaona yale meno. Na bado nikasema, “Asante, dokta,” nikambeba mwanangu nikaondoka.

Tuliuza mbuzi wawili, tukashuka Masasi na kufika hospitali ya Ndanda. Huko tuliambiwa ukweli bila kuzungushwa, kwamba sindano iligusa mshipa mkubwa wa fahamu unaopita kitakoni kwenda mguuni. Tukafundishwa mazoezi, tukapewa kifaa cha kushika kifundo cha mguu. Mguu ulipata nafuu kiasi, lakini haukurudi ulivyokuwa. Wenzake walipocheza mpira, mwanangu ndiye aliyekuwa anawashikia viatu.

Binti yangu alipofika chuo cha udaktari ndipo aliponieleza kuwa sindano ya kwinini ya msuli kwa mtoto ilitakiwa kuchomwa pajani kwa mbele, siyo kitakoni, na kwamba maelekezo hayo yalikuwepo siku nyingi. Siku hizi mtoto mwenye malaria kali huanzishiwa sindano ya dawa nyingine kabisa, atesuneti.

“Kesho akiugua tutampeleka kwa nani?”

Huku kwetu kwenye milima ya Makonde, kama ilivyo kwa majirani zetu Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti. Kaka yangu aliita kikao. Wengine walitaka tukamshtaki yule bwana. Kaka yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

“Tukimshtaki dokta, kesho mtoto akiugua usiku tutampeleka kwa nani?”

Hakuna aliyekuwa na jibu. Akaongeza, “Na tukishinda, tutamkamata nini? Ana baiskeli na redio.”

Kikao kikaisha hapo. Tukasema ni mipango ya Mungu, tukamwachia Mungu.

Simlaumu kaka yangu. Wazee wetu walilelewa wakiamini kuwa mtu wa dawa hahojiwi. Wilaya ya Masasi ilimpata daktari mpasuaji Mwingereza, Leader Stirling, miaka ya 1930. Alifanya kazi Lulindi kwa miaka mingi katika mazingira magumu, na baadaye akaja kuwa Waziri wa Afya wa nchi hii. Katika vizazi vilivyopokea huduma kama zadaka, nani angemuuliza daktari kwa nini? Heshima ile ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba tuliihamisha yote, tukampa kila mwenye koti jeupe.

Yule bwana naye hakubaki salama rohoni. Kwa miaka mingi, akituona sokoni, alikuwa anageuza baiskeli.

Bima ndogo ya daktari

Siku ya tatu ya likizo yake, binti yangu aliniomba twende tukatembee. Tulikwenda mpaka Shimo la Mungu, pale mlima unapokatika na bonde lote likalala chini yako. Tukakaa.

“Mama,” akasema, “gari ikimgonga mtu hapa Newala, nani analipa?”

“Bima.”

“Bima gani?”

“Bima ndogo.”

“Na ile bima ndogo inamlinda nani, dereva au aliyegongwa?”

Nilifikiri kidogo. Kila mmiliki wa gari nchini analazimika kuwa na bima ya mtu wa tatu, hii tunayoiita bima ndogo. Anayeilipia ni mwenye gari, lakini anayepona kwayo ni yule aliyegongwa, kwa sababu bila hiyo angeachiwa dereva asiye na kitu. Hakuna anayesema bima ndogo inawafundisha madereva kugonga watu.

“Hii ni bima ndogo yangu,” akasema.

Kisha akanieleza taratibu, nami nakueleza wewe kama nilivyomwelewa.

Bima hii wataalamu huiita bima ya dhima ya kitaaluma. Si ya madaktari peke yao. Hata mawakili, wahandisi na wahasibu wanaweza kukata ya kwao. Daktari hulipa ada kila mwaka. Kiasi kinategemea kazi anayofanya, kwa kuwa anayepasua au kuzalisha ana hatari kubwa kuliko anayeandika dawa za mafua. Mgonjwa akidai kwamba aliumizwa kwa uzembe, kampuni humwekea daktari wakili, na ikithibitika ni kweli, hulipa fidia.

Lakini ina mipaka. Ipo kikomo. Tuseme kikomo ni shilingi milioni 50 na mahakama ikaamuru milioni 80. Hizo 30 zilizozidi zinabaki shingoni mwa daktari au mwajiri wake. Mara nyingi ipo pia sehemu ya mwanzo ya kila dai ambayo mwenye bima hulipa mwenyewe kabla kampuni haijaanza kutoa chake.

Yapo pia mambo ambayo kampuni hukataa kuyabeba. Daktari aliyeingia kazini amelewa, asiye na leseni hai, au aliyemdhuru mtu kwa makusudi asitegemee bima. Na bima haimfungii mtu jela. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inahesabu kumtibu mtu kwa uzembe wa kuhatarisha maisha kuwa kosa la jinai, na adhabu ya jinai huibeba mwenyewe aliyekosa.

Naomba hapa tusichanganye mambo. Bima ya afya, iwe ya mfuko wa taifa au CHF iliyoboreshwa, inalipia matibabu. Mtoto akiumizwa na matibabu hayo, kadi yake inaweza kulipia atibiwe tena, lakini haimlipi fidia ya mguu uliolemaa wala miaka aliyopoteza. Hizo ni bima mbili tofauti, na ya pili haiko mfukoni mwako wewe mgonjwa. Iko kwa daktari au hospitali, kama ipo.

Kipengele kilichonikera

Nilianza kulainika. Kisha nikaomba ile fomu tena, maana nilikuwa nimeona kitu usiku ule. Kulikuwa na sharti kwamba mwenye bima asikiri kuwajibika kwa mgonjwa, wala asiahidi malipo, bila ridhaa ya kampuni.

“Hiki ndicho kilichoichana karatasi ya mdogo wako,” nikamwambia. “Tofauti ni kwamba chenu kimepigwa chapa.”

Safari hii alikasirika. Akaniambia yule bwana hakuchana karatasi kwa sababu ya bima, alichana kwa sababu ya woga. Alijua kesi moja ingemmaliza, nyumba, baiskeli na redio. Mtu asiye na pa kukimbilia hufukia ukweli.

“Na mwenye pa kukimbilia hafukii?”

Akanyamaza. Aliporudi kazini alimuuliza wakala wa bima swali hilohilo, akanipigia simu jioni. Jibu alilopewa ni kwamba sharti lile linamzuia kuahidi fedha au kuandika kwamba anakubali deni. Halimzuii kumweleza mgonjwa kilichotokea, kumtibu alichoharibu, wala kumwambia pole. Na halimruhusu kabisa kubadili au kuficha kumbukumbu za mgonjwa. Akifanya hivyo anaweza kuipoteza bima yenyewe. Kinachotakiwa ni kutoa taarifa mapema kwa kampuni na kwa viongozi wake wa hospitali, bila kusubiri barua ya wakili.

Nilimwambia alitake jibu hilo kwa maandishi. Akalipata. Nami nakushauri hivyohivyo, wewe mwenye mtoto daktari, muuguzi au tabibu. Neno la mdomo la wakala si mkataba.

Hata penye wataalamu

Watu wa umri wangu wanakumbuka Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walichanganywa. Aliyekwenda kwa tatizo la goti akapasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa kichwa alikuja kufariki dunia. Nchi nzima ilishtuka.

Nilikuwa nikilitaja tukio lile kila mtu aliponiambia kuwa kosa la mwanangu lilikuwa la kijijini tu. Binti yangu analitaja kwa sababu nyingine. Anasema pale hapakuwa na wababaishaji. Palikuwa na wataalamu wa juu kabisa nchini, na bado jina moja liliwapita wote, kutoka wodini mpaka mezani pa upasuaji. Hospitali inayotegemea kwamba daktari wake hatakosea kamwe haijajiandaa.

Ndiyo maana alipoajiriwa hospitali ya binafsi aliuliza maswali ambayo wengi hawaulizi. Je, hospitali ina bima yake? Inamhusu na yeye, au inalinda jengo na mwenye mali tu? Kwa kawaida mwajiri huwajibika kwa kosa la mfanyakazi wake akiwa kazini, lakini mgonjwa anaweza kuwashtaki wote wawili kwa pamoja, na hapo kila mmoja hujitafutia upenyo wa kutokea.

Wenzetu wamelikabili jambo hili kila mmoja kwa njia yake. Nchini Nyuzilandi, tangu mwaka 1974, aliyeumia hulipwa na mfuko wa umma bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu. Marekani kila jimbo lina sheria zake. Jimbo la California mwaka 1975, ada za bima za madaktari zilipopanda mno, liliweka ukomo wa dola 250,000 kwa fidia ya maumivu na mateso, na ukomo huo ukakaa hivyo mpaka ulipoanza kupandishwa mwaka 2023. Ukitaka daktari asilemewe na ada, kuna mgonjwa atakayepunguziwa. Sijaona nchi iliyokwepa hesabu hiyo.

Mlango uliofungwa 2021

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Maswali ya bima yalinisukuma mpaka Masasi kwa msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nilitaka kujua tu kama tungeweza kufanya lolote mwaka ule. Akaniunganisha na wakili kwa simu, nami nikamsimulia yote.

Wakili alinieleza kwamba madai ya kuumizwa kwa uzembe yana muda wake, kwa kawaida miaka mitatu. Nikasema basi yetu yalikufa 2007.

“Hapana, mama,” akasema. “Mgonjwa alikuwa mtoto. Mzazi angeweza kufungua kesi kwa niaba yake wakati ule. Lakini kama hakufungua, kwa mtoto muda huanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18.”

Mwanangu alitimiza miaka 18 mwaka 2018. Ina maana mlango ulikuwa wazi mpaka 2021. Miaka 17 tuliishi tukiamini hakuna mlango, kumbe upo, na ulipojifunga hata hatukusikia.

Nilikaa kwenye benchi la kituo cha mabasi Masasi, mabasi mawili ya Newala yakajaa na kuondoka mimi nipo palepale.

Hapo ndipo nilipoelewa pia kwa nini bima ya binti yangu ni jambo la miaka mingi. Bima nyingi za aina hii hutazama siku dai lilipoletwa, siyo siku kosa lilipotendeka. Mtoto anayetibiwa leo anaweza kurudi na dai miaka 15 au zaidi baadaye. Daktari aliyeacha kulipia, aliyehama kampuni bila kulinda miaka ya nyuma, au aliyestaafu bila kuuliza madai ya baadaye yatabebwa na nani, atakuta hana kitu. Na mgonjwa wake naye atakuta hana kitu. Kwa hiyo mtoto wako akiletewa fomu hiyo, mwambie aulize: bima hii inaanza kuhesabu kazi zangu tangu lini, na nikiacha, inaendelea kunilinda kwa muda gani?

Kwako wewe mwenye mtoto mgonjwa

Nakuachia niliyoyajua kwa kuchelewa.

Daftari au cheti cha matibabu ni mali yako, kitunze. Ukitoka chumba cha daktari, kipige picha kwa simu yako papo hapo. Mwaka 2004 sikuwa na simu ya kupiga picha. Wewe unayo, maana ndiyo unayosomea haya.

Uliza jina la dawa, inachomwa wapi mwilini na kwa nini. Muulizaji hamtukani daktari. Mtoto akienda kupasuliwa, taja majina yake matatu, umri na kiungo kinachopasuliwa, hata kama umeshavitaja mara tano.

Ukiona mambo yameharibika, kwanza mtibie mtoto, tena kwingine ikibidi. Kisha andika: siku, saa, nani alifanya nini, nani alikuwepo. Peleka malalamiko kwa mganga mfawidhi wa kituo, na asipokusikiliza, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kama aliyekosea ni daktari, lipo Baraza la Madaktari Tanganyika. Wauguzi na wakunga wana baraza lao. Mabaraza haya yanaweza kuonya, kusimamisha au kumfutia mtu usajili. Fidia ni jambo jingine, hiyo hudaiwa kwa mazungumzo au mahakamani. Na mahakamani haitoshi kuonyesha kwamba mtoto aliumia. Unatakiwa kuonyesha kwamba aliyemtibu alifanya kinyume na ambavyo mtaalamu makini wa kazi hiyo angefanya, na kwamba kosa hilo ndilo lililoleta madhara. Ndiyo maana karatasi ile moja ilikuwa na thamani kuliko mbuzi wetu wawili.

Kama ni kituo cha serikali au cha halmashauri, usiende moja kwa moja mahakamani. Sheria inataka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Kesi hizo husikilizwa Mahakama Kuu, ambayo kwa sisi wa kusini iko Mtwara mjini. Kama ni kituo cha binafsi, uliza mapema kama kina bima. Na kwa vyovyote vile muone wakili au msaidizi wa kisheria ndani ya miezi, usisubiri miaka.

Wala usiogope lile swali la kaka yangu. Kesho mtoto akiugua, mpeleke hospitali kama kawaida. Katika miaka yote hii nimekutana na wahudumu wengi waliotuhudumia vizuri tena kwa upole, kuanzia Ndanda mpaka Mkomaindo. Anayefanya kazi yake kwa haki hachukii kuulizwa.

Saini

Binti yangu alirudi tena nyumbani Pasaka iliyofuata. Bahasha ilikuwa bado haijasainiwa. Akasema hawezi kuisaini mpaka mdogo wake aseme neno.

Kijana ana kibanda chake cha kutengeneza simu pale stendi. Si mtu wa maneno mengi. Aliisoma fomu ukurasa kwa ukurasa, akauliza maana ya neno moja au mawili. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mboga, masikio yote yako kwao.

“Dada, ukikosea utamwambia mama wa mtoto?”

“Nitamwambia.”

“Hata kama bosi wako hataki?”

Alichelewa kidogo kujibu, na nilifurahi kwamba alichelewa. “Nitaogopa. Lakini nitamwambia.”

Akamrudishia fomu pamoja na kalamu.

“Basi saini,” akasema. “Ila usije ukachana karatasi.”